Baada ya 686, Nne Zinatosha

Taja namba yoyote nzima iliyo kubwa kuliko 686. Iwe 687, iwe idadi ya watu wote duniani, iwe namba ya tarakimu milioni moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Namba hiyo ni jumla ya namba zisizozidi nne za aina moja ya pekee: namba ambazo, zikiandikwa kwa tarakimu 0 na 1 tu, ni kipande kimoja kilichoandikwa mara mbili mfululizo. Hakuna hata moja inayoponyoka. Ya mwisho kuponyoka ni 686 yenyewe, ambayo haipatikani kwa nne na hudai ya tano.

Waliothibitisha jambo hili mwaka 2018 ni watu wanne: P. Madhusudan wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Dirk Nowotka wa Kiel, Ujerumani. Na Aayush Rajasekaran pamoja na Jeffrey Shallit wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Nililiona mara ya kwanza kama mchezo wa tarakimu. Kadiri nilivyolifuatilia ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba ni miongoni mwa matokeo mazuri ya hisabati ya miaka hii, na kwamba msomaji mwenye penseli na karatasi anaweza kuufikia moyo wake bila kusomea shahada.

Tuanze na tarakimu tulizozoea. Andika 47 mara mbili: 4747. Hiyo ni 47 mara 101. Andika 352 mara mbili: 352352, nayo ni 352 mara 1001. Kwa hiyo kurudia tarakimu ni kuzidisha, na kizidisho kinategemea urefu wa kile unachokirudia: tarakimu mbili huzidishwa kwa 101, tatu kwa 1001, nne kwa 10001.

Sasa tuhamie kwenye mfumo wa tarakimu mbili, ule unaotumika ndani ya kompyuta na simu. Badala ya mamoja, makumi na mamia, nafasi za tarakimu zina thamani ya 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila moja maradufu ya iliyotangulia. Tano ni 101, yaani nne na moja. Iandike mara mbili upate 101101, ambayo ni 32 na 8 na 4 na 1, jumla 45. Na 45 ni 5 mara 9. Kanuni ni ileile, ila vizidisho sasa ni 3, 5, 9, 17, 33, 65: kila kimoja ni moja zaidi ya 2, 4, 8, 16, 32, 64.

Lugha yetu imejaa maneno ya umbo hili, polepole, sawasawa, katikati, na wataalamu wa lugha huuita mtindo huo uradidi. Basi namba hizi nitaziita namba radidi. Wanahisabati wenyewe huzihesabu kama vipeo vya pili, kwa kuwa kuandika kitu mara mbili ni kama kukizidisha kwa chenyewe. Mnorwe Axel Thue alikwisha kulichunguza jambo la mfuatano unaojirudia tangu mwaka 1906, alipoonyesha kwamba kwa herufi tatu tu unaweza kuandika mfuatano usio na mwisho ambao ndani yake hakuna kipande kinachofuatwa papo hapo na nakala yake.

Namba radidi za kwanza ni hizi: 3, kisha 10 na 15, kisha 36, 45, 54 na 63, kisha 136, 153, 170, 187, 204, 221, 238 na 255. Ukitazama utaona zinakuja kwa makundi. Kundi la kwanza lina moja, la pili mbili, la tatu nne, la nne nane, na kila kundi linaongezeka maradufu. Ndani ya kundi hatua ni sawa: la tatu linapiga hatua za 9, la nne hatua za 17. Baina ya makundi kuna majangwa. Kutoka 63 hadi 136 hakuna radidi hata moja. Kutoka 255 hadi 528 hakuna. Kutoka 1023 hadi 2080 hakuna. Sababu iko wazi: kitu kilichoandikwa mara mbili lazima kiwe na idadi shufwa ya tarakimu, hivyo kila namba yenye idadi witiri ya tarakimu, katika mfumo huu wa mbili, iko jangwani. Majangwa hayo yanakua bila kikomo.

Inakuwaje basi namba chache namna hii, zilizopangwa kwa makundi yenye mianya mikubwa, ziweze kuzijenga nyingine zote, tena kwa nne tu?

Sehemu ya jibu iko katika kulinganisha namba radidi na namba za mraba tulizojifunza shuleni: 1, 4, 9, 16, 25. Kila namba ina mraba wake mmoja. Kila namba pia ina radidi yake moja. Mraba wa 7 ni 49, radidi yake 63. Mraba wa 4 ni 16, radidi yake 36. Radidi huwa kubwa kuliko mraba sikuzote, ila si kwa mbali: haizidi mara mbili ya mraba ukijumlisha na namba yenyewe. Kwa nne inafika pale pale, maana mara mbili ya 16 ni 32, ongeza 4 upate 36. Kwa hiyo namba radidi zinapungua wingi kwa mwendo ule ule wa namba za mraba. Kufika milioni moja kuna namba za mraba 1000. Namba radidi, nimezihesabu, ni 975.

Na kuhusu namba za mraba, jibu tunalo tangu karne ya kumi na nane. Bachet, Mfaransa aliyetafsiri kazi ya Mgiriki Diophantus, aliandika mwaka 1621 kwamba kila namba nzima inaonekana kuwa jumla ya miraba isiyozidi minne. Saba, kwa mfano, ni 4 na 1 na 1 na 1, na haipatikani kwa mitatu. Uthibitisho ulikuja mwaka 1770 kutoka kwa Joseph-Louis Lagrange, mzaliwa wa Torino, Italia, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi Berlin. Mwaka huohuo wa 1770, Edward Waring wa Cambridge alichapisha dai pana zaidi: kila namba ni jumla ya vipeo vya tatu visivyozidi tisa, ya vipeo vya nne visivyozidi kumi na tisa, na kuendelea hivyo kwa kila kipeo. Waring hakuwa na uthibitisho. Ilibidi kusubiri hadi 1909 ndipo David Hilbert alipoonyesha kwamba kwa kila kipeo idadi ya namna hiyo ipo. Katika vipeo vya tatu ni namba mbili tu zinazohitaji tisa kamili: 23 na 239. Nyingine zote, hadi zisipoishia, zinatosheka na nane au pungufu.

Kwa kujifurahisha, 1770 yenyewe ni jumla ya namba radidi tatu: 1023, 693 na 54. Zigeuze katika tarakimu za 0 na 1 uzione: 11111 11111, kisha 10101 10101, kisha 110 110.

Hata hivyo, kufanana kwa wingi si uthibitisho. Kuna mikusanyiko ya namba iliyo mingi kama miraba, na mingi zaidi, ambayo haijengi kitu: namba shufwa ni nusu ya namba zote, lakini jumlisha utakavyo, witiri hupati. Tena Lagrange alikuwa na nyenzo ambayo hapa haipo. Ukizidisha jumla ya miraba minne kwa jumla nyingine ya miraba minne, unapata tena jumla ya miraba minne. Kwa hiyo yeye alihitaji kuthibitisha kwa namba tasa tu, na nyingine zikafuata. Namba radidi hazina tabia hiyo. Zidisha 3 kwa 3 upate 9, ambayo ni 1001, wala haina nusu mbili zinazolingana. Namba radidi ni viumbe vya maandishi. Thamani zao zinatokana na jinsi zinavyoandikwa, na ukibadili mfumo wa kuandika zinabadilika zote.

Kabla ya kufika kwenye uthibitisho inafaa tukae kidogo na namba zinazoponyoka, kwa sababu hapo ndipo penseli inapofanya kazi. Ziko 56. Tisa kati yake, yaani 1, 2, 4, 5, 7, 8, 11, 14 na 17, haziwezekani kabisa, hata ukiruhusiwa kujumlisha radidi mia moja. Sababu ni kwamba chini ya 18 una 3, 10 na 15 tu, na 15 haiongezi kitu kwa kuwa ni tatu mara tano. Zilizobaki 47 zinawezekana ila kwa zaidi ya nne. Na kwa sadfa, 47 ndiyo yenye taabu: inahitaji saba, yaani 15, 10, 10 na 3 nne. Jaribu kuifanya kwa sita uone inavyokataa. Chini ya 47 kila radidi ni kigawe cha 3 isipokuwa 10, na 47 ukiigawa kwa 3 inabaki 2. Kumi ikigawiwa kwa 3 inabaki 1. Hivyo unalazimika kutumia makumi mawili hasa, na 27 iliyobaki ujenge kwa 15 na tatu zake.

Baada ya 167 kuna utulivu mrefu. Hakuna inayoponyoka hadi 407. Kisha zinaanza kupita kwa mwendo wa gwaride: 407, 424, 441, 458, 475, 492, 509, 526. Kila moja iko hatua 17 kutoka kwa mwenzake. Nilipoziona nilijua lazima kuna sababu, na sababu ni nzuri. Zigawe zote kwa 17: kila moja inaacha baki la 16. Kumbuka kundi la nne, kutoka 136 hadi 255, ni vigawe vya 17 vitupu, kwa hiyo havichangii baki lolote. Baki lote la 16 lazima litoke kwa radidi ndogo, zile zisizozidi 63. Gawa hizo ndogo kwa 17 na mabaki yake ni 3, 10, 15, 2, 11, 3 na 12. Hakuna 16 humo, na hakuna mbili zinazojumlisha kutoa baki la 16. Inabidi uchukue tatu ndogo, na hapo nafasi iliyobaki ni ya moja tu kubwa, ambayo haizidi 255. Mpango huo unaifikisha 390, ambayo ni 255 na 45 tatu, kisha unagota. 407 haifikiki. Mwendo wa 17 unaendelea hadi kundi jipya linapoingia kwenye 528, na 543, ambayo ingekuwa inayofuata katika gwaride, inaokolewa: ni 528 na 15.

Hivyo ndivyo majangwa yanavyouma. Swali zito ni kwa nini hayaumi tena baada ya 686, ilhali majangwa yenyewe yanazidi kukua.

Kukagua kwa kompyuta namba moja baada ya nyingine hakusaidii. Ukikagua hadi bilioni moja, au bilioni ya bilioni, bado umekagua sehemu isiyo kitu mbele ya namba zisizo na mwisho. Shallit na wenzake walitumia kompyuta kwa namna nyingine kabisa. Waliitumia kukagua namba zote kwa mkupuo mmoja, kwa muda wenye kikomo, na ndiyo sababu makala hii imeandikwa.

Chombo chao kinaitwa otomata. Ni mashine ya kufikirika, rahisi kupita kiasi. Inasoma namba tarakimu moja moja, haiwezi kurudi nyuma, haina karatasi ya kuandikia pembeni, na kumbukumbu yake yote ni hali chache zilizohesabika. Mwisho wa kusoma inakubali namba au inaikataa. Mfano ni mashine ya kutambua vigawe vya 3 katika mfumo wa tarakimu mbili: inahitaji hali tatu tu, moja kwa kila baki, 0, 1 au 2. Ikisoma tarakimu mpya inaongeza baki maradufu, inajumlisha tarakimu hiyo, na kuhamia hali inayostahili. Mashine hiyo ndogo inashughulikia namba ya tarakimu nne na ya tarakimu bilioni kwa ustadi uleule.

Kwa kuwa hali zina idadi maalumu, mtu anaweza kuichunguza mashine yenyewe badala ya kuchunguza namba. Unauliza: je, kuna njia yoyote, kutoka hali ya kwanza, inayoishia kwenye kukataa? Unafuata mishale kutoka hali hadi hali, na kwa vile hali zina mwisho, uchunguzi nao una mwisho. Kama njia ya kukataa haipo, basi hakuna namba inayokataliwa, kati ya zote zisizo na idadi.

Kujumlisha kunaifaa mashine ya namna hii. Ukipanga namba nne za tarakimu 0 na 1 na kuzijumlisha safu kwa safu, unachohitaji kukumbuka ni kile unachobeba tu. Safu ina moja nyingi kabisa nne. Ukibeba tatu, jumla ni saba, unaandika 1 na unabeba tatu. Kwa hiyo unachobeba hakizidi tatu kamwe, hata namba zikiwa ndefu kiasi gani.

Uradidi ndio unaoisumbua. Kujua kama nusu ya pili ni nakala ya nusu ya kwanza, lazima uikumbuke nusu ya kwanza yote, nayo inaweza kuwa ya tarakimu milioni. Mashine yenye hali chache haina pa kuiweka. Ufumbuzi wao ulikuwa kuikunja namba katikati. Nusu moja ikalazwa juu ya nyingine, na mashine ikawa inasoma tarakimu mbili kwa pamoja, moja ya kila nusu. Sasa inapokisia tarakimu ya kipande kinachorudiwa, inaiweka mara moja pande zote mbili, na haina haja ya kuikumbuka. Inabeba namba mbili, moja ya nusu ya chini na moja ya nusu ya juu. Kilichobebwa kutoka chini kwenda juu hakijulikani mwanzoni, basi mashine inakikisia, inaendelea na kazi, na mwisho inahakiki kama ilikisia sawa.

Kukunja huko kunafanya kazi kwa sharti moja: radidi zinazojumlishwa ziwe na urefu unaokaribiana na urefu wa namba tunayoitafuta. Zikipungua kwa tarakimu mbili, nne au sita, mikunjo yake inapishana kidogo tu, na kupishana huko mashine inaweza kukukumbuka. Zikiwa za urefu wowote, kupishana hakuna mpaka na mashine inashindwa. Kwa hiyo watafiti wale hawakuweza kuipa mashine swali la asili kama lilivyo. Walilifanya gumu zaidi. Walidai kwamba nne zinatosha hata ukibanwa kutumia radidi za urefu fulani fulani tu uliopangwa, wakatafuta kwa kompyuta mipango ya urefu ambayo ingefaa, wakaipata, na mashine ikathibitisha dai gumu. Kilicho kweli chini ya masharti makali ni kweli masharti yakilegezwa. Namba fupi ambazo mipango hiyo haikuzihusu zilikaguliwa moja moja, na hapo ndipo zile 56 zilipojitokeza. Nne nayo haishuki: tatu hazitoshi.

Wako wanaonung'unika kwamba uthibitisho wa mashine si uthibitisho. Mzozo huo ulianza mwaka 1976, Kenneth Appel na Wolfgang Haken walipotumia kompyuta kuthibitisha kwamba rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bila nchi jirani kufanana. Nawaelewa wanaonung'unika. Uthibitisho wa Lagrange ukiusoma unajua kwa nini miraba minne inatosha. Huu wa radidi unakuhakikishia kwamba ni hivyo, ila swali la kwa nini unaliacha nje. Lakini katika jambo hili mimi niko upande wa mashine. Sababu za kuiamini otomata zinaeleweka na binadamu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilichoachiwa kompyuta ni kazi ya karani, kufuata mishale mingi bila kuchoka, na yeyote mwenye shaka anaweza kuandika programu yake mwenyewe akairudia.

Njia hii ilikuwa imekwisha kuonyesha nguvu zake kwenye namba zinazosomeka vilevile kutoka kushoto na kutoka kulia, kama 1331 au 47074. Mwaka 2016 William Banks alikuwa ameonyesha kwamba kila namba ni jumla ya namba 49 za aina hiyo au pungufu, katika mfumo wetu wa kumi. Javier Cilleruelo wa Hispania, Florian Luca wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand huko Johannesburg, na Lewis Baxter wakaishusha 49 hadi tatu, kwa kila mfumo kuanzia wa tarakimu tano. Njia yao ilikuwa ya kalamu, yenye vipengele vingi vya kuchosha, na haikuweza kuingia kwenye mifumo midogo. Mifumo ya tarakimu mbili, tatu na nne ilibaki wazi hadi Rajasekaran, Shallit na Tim Smith walipoiingiza otomata: tatu zinatosha kwa mfumo wa tarakimu tatu na wa nne, na nne kwa mfumo wa mbili.

Vipi basi tukirudia zaidi ya mara mbili? Hapa kuna kikwazo ambacho mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kukiona. Katika tarakimu zetu za kawaida, andika 47 mara tatu: 474747. Jumla ya tarakimu zake ni mara tatu ya 11, yaani 33, kwa hiyo inagawanyika kwa 3. Itakuwa hivyo kwa kipande chochote, maana tarakimu zake zinahesabiwa mara tatu. Basi namba 100, isiyogawanyika kwa 3, haitapatikana kwa kujumlisha namba zilizorudiwa mara tatu, hata uzitumie ngapi. Hiki si kizuizi cha udogo wa namba. Hata 1 ikifuatwa na sifuri milioni haitapatikana.

Katika mfumo wa tarakimu mbili kizuizi cha kwanza cha namna hiyo kinakuja kwenye marudio sita. Kila namba iliyoandikwa kwa kipande kimoja mara sita ni kigawe cha 3. Sababu ni kwamba namba 2, 4, 8, 16 zikigawiwa kwa 3 zinaacha 2, 1, 2, 1 kwa kupokezana. Kipande kikiwa na idadi witiri ya tarakimu, nakala zake sita zinafutana mbili mbili. Kikiwa na idadi shufwa, zinajumlishana mara sita. Kwa vyovyote baki ni sifuri.

Shallit, safari hii pamoja na Daniel Kane wa San Diego na Carlo Sanna wa Torino, mji alikozaliwa Lagrange, walitoa kanuni kamili. Chukua idadi ya marudio, iite k. Tafuta kigawo kikubwa cha shirika cha k na namba inayopatikana ukizidisha 2 kwa yenyewe mara k kisha ukatoa moja. Kigawo hicho ndicho kizuizi, na hakuna kingine. Kwa marudio mawili ni cha 2 na 3, jibu 1, hakuna kizuizi. Kwa matatu ni cha 3 na 7, hakuna. Kwa sita ni cha 6 na 63, jibu 3. Kwa kumi na mbili ni 3, kwa kumi na nane ni 9, kwa ishirini ni 5. Kila kigawe cha kizuizi hicho, mradi kiwe kikubwa vya kutosha, ni jumla ya namba zilizorudiwa mara k, na idadi ya namba zinazohitajika haizidi kiwango kimoja kisichobadilika. Ndilo dai la Waring la 1770 likiwa katika vazi la maandishi, nalo linafaa mifumo yote, ukiwemo wetu wa kumi. Kiwango chenyewe kwa marudio matatu na kuendelea ni kazi tofauti: kujua kwamba kipo ni jambo moja, kukijua hasa ni jambo jingine.

Nawaomba walimu wa hisabati wa sekondari walichukue hili darasani. Halihitaji maabara wala kitabu kipya. Mwanafunzi anayejua kuzidisha anaweza kutengeneza namba radidi zote hadi 1023 kwa dakika chache, maana ni thelathini na moja tu, na katika kuzitafutia jumla atajifunza mabaki, vigawe na mfumo wa tarakimu mbili bila kukaririshwa. Anzeni na 1000, ambayo ni nyepesi: 990 na 10. Kisha wapeni 2018, inayopatikana kwa tatu. Wakishazoea, wapeni 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, na waambieni mapema kwamba tatu hazitoshi.